Kichwa cha Elsa, Mkono wa Aziza

"Mistari yangu haiko upande. Kichwa cha mutoto wako ndicho kiko upande," Aziza alimwambia Anastasie pale kisimani, na hakusema kwa sauti ya siri. "Nilimukalisha, akapindisha shingo. Nilimurudisha, akapindisha tena. Mimi nasuka nywele, Mama Elsa. Adabu mutamusuka kwenu nyumbani."

Anastasie alikuwa na ndoo mkononi na mtoto mchanga mgongoni, lakini mdomo ulikuwa huru. Akasema tangu alipomtoa Elsa kwenye mkeka wa Aziza na msuko wa komunyo ya kwanza, mtoto anaamka akishika kichwa, anatapika kabla hata ya kuonja chai. Kisha akaweka ndoo chini, akafunga kitenge vizuri, akalitoa neno lenyewe: Aziza ana mkono mzito.

Foleni yote ikageuka. Kwetu Kasongo msusi hapimwi kwa mkeka wake wala kwa kitana chake. Anapimwa kwa mkono. Kuna mkono mwepesi, ambao ukisuka nywele zinakua mpaka mtu anaona haya kuvaa kitambaa. Na kuna mkono mzito, unaokata nywele na kuleta kichwa kuuma. Fundi wa nguo akiharibu gauni, utamrudishia. Msusi akiitwa mkono mzito, akunje mkeka, alime mpunga.

Aziza ni mtu wa Nyangwe kwa kuzaliwa, wa wale Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya zamani wakabaki. Baba yake alikuwa anapeleka chumvi na kurudisha samaki kwa mtumbwi. Mke wa pili wa baba ndiye aliyemfundisha kusuka, akimgonga vidole kwa kitana kila mstari ulipopotea. Alikuja Kasongo kuolewa na fundi wa baiskeli, akamzalia watoto wanne, akamzika, akabaki na nyumba na ulimi. Mkeka wake uko barazani, kwenye njia ya soko, na Wakristo kwa Waislamu wanakaa juu yake magoti yakigusana. Ana sheria zake. Hakuna kulia. Hakuna kula karanga, maganda yanaingia nyweleni. Na hakuna kumsengenya aliyetoka sasa hivi mpaka afike barabarani. Misuko yake ameipa majina yeye mwenyewe: iko Njia ya Kabambare, yenye kona tupu; iko Kivuko, inayokata kichwa moja kwa moja; na iko Bibi-arusi Amechelewa, inayosukwa haraka na haimalizi wiki.

Mtu kama huyo humuiti mkono mzito mbele ya watu ukategemea kulala vizuri. Shida ni kwamba Anastasie alikuwa na ushahidi.

Asubuhi moja Elsa, mwenye miaka tisa, alililia kichwa chake mpaka mama yake akakaa akafumua msuko wote. Kufika mchana mtoto alikuwa anacheka na wenzake na kuomba mihogo. Nani atabishana na hilo? Umefumua, amepona. Wakampeleka kwa Darlène, msusi kijana mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, amsuke upya. Asubuhi iliyofuata kichwa kikarudi, matapishi yakarudi, na mchana nafuu ikarudi. Darlène akatangaza kwamba yeye hahusiki. Mkono wa Aziza, alisema, umebaki kichwani mwa mtoto kama harufu ya samaki inavyobaki kwenye vidole. Kituo cha afya walimpima malaria, hawakuiona, wakasema arudishwe kama itaendelea. Hakurudishwa. Kila mchana alikuwa mzima, na mtaa ulishajua ugonjwa huo ni wa nani.

Mkeka wa Aziza ukabaki mtupu. Kuku wakaanza kuota jua juu yake, na hakuwafukuza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamemfikia moyoni.

Lakini Aziza hakuumbwa kukaa na kuku. Asubuhi moja alivuka barabara akiwa na wembe mpya, kipande cha sabuni, na mashahidi wawili ambao mmoja wao ni mimi. Akamkuta Anastasie akipepeta mchele uani.

"Leo tunamaliza," akasema. "Munyoe huyu mutoto. Nywele ikiisha yote, mukono wangu utakaa wapi? Kama kesho kichwa kinamuuma tena, utaniomba musamaha hapa hapa, mbele ya hawa."

Anastasie akakubali haraka, maana na yeye alikuwa na hakika ya kushinda. Elsa alipoulizwa, akasema atanyolewa kwa sharti moja, Mama Aziza asiimbe kama anavyoimba akisuka. Mtoto huyo hata akiumwa haachi kujibu. Akanyolewa, kichwa kikang'aa kama kibuyu, watoto wa jirani wakaja kukipapasa kwa zamu.

Kesho yake Aziza na sisi mashahidi wake alikuwa ameshatukalisha uani kwao kabla moto haujawashwa, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekuja kwenye harusi. Elsa akatoka ndani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatapika kando ya kinu. Aziza akapiga kofi moja la ushindi. Akafungua mdomo kuudai msamaha wake.

Elsa akaenda kuchukua maji ya kusukutua. Alitembea miguu imeachana, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, na alipofika mlangoni bega lake likagonga mwimo. Mlango huo alikuwa anaupita tangu alipokuwa anatambaa. Akageuka, shingo upande, jicho moja amelifumba, akatutazama. Aziza akamuuliza kwa nini anafumba jicho.

"Sababu nikiyafungua yote, muko wawili, Mama Aziza," mtoto akasema. "Na mumoja anatosha."

Sisi mashahidi tulicheka. Aziza hakucheka. Kofi la pili lilibaki hewani. Alisimama, akamwambia Anastasie msamaha utangoja, achukue kitenge, wanakwenda lopitali sasa hivi, na kama mchele utaliwa na kuku basi uliwe.

Pale lopitali walimpata dokta Zéphirin, kijana mwembamba anayeongea polepole hata watu wanaposimama mstari mpaka nje. Hakumpa Elsa kidonge. Alimuuliza mama yake maswali: kichwa kinauma saa gani, anatapika akiwa amekula au bila kula, tangu lini anayumba. Akamulika ndani ya macho ya mtoto kwa taa ndogo, akakaa hapo muda mrefu. Akamwambia aguse pua yake halafu kidole cha dokta, na mkono wa kushoto ukapita pembeni ya kidole kama mtu anayekosa shimo la ufunguo. Akamwambia atembee kisigino mbele ya kidole. Elsa akaanguka kwenye mapaja ya Aziza.

Ndipo dokta akaeleza, na nitasema kama Aziza alivyotusimulia sisi, maana tangu siku ile amesimulia mpaka kuku wake wanajua. Nyuma ya kichwa, juu kidogo ya shingo, kuna ubongo mdogo. Huo ndio unaomfanya mtu asimame bila kuyumba. Dokta alidhani hapo kumeota uvimbe, ingawa bila picha ya skana hakutaka kuapa. Sasa ndani ya ubongo kuna maji yanayopita kwenye mifereji yake siku zote. Uvimbe ukikaa kwenye mfereji, maji yanakosa njia, yanajaa, yanasukuma. Mtu akilala usiku kucha msukumo unazidi, ndiyo maana asubuhi kichwa kinapasuka na tumbo linatapika bila kosa lolote la tumbo. Akiamka na kukaa wima, msukumo unapungua. Kufika mchana utasema amepona.

Anastasie akainamisha uso. Asubuhi zote zile alizofumua nywele, na mchana wote ule alioshukuru.

Aziza hakuweza kujizuia. Akauliza mbele ya wote kama mkono wa msusi unaweza kuleta jambo hilo. Dokta akamjibu kwa upole kwamba msuko ukikazwa sana unaumiza ngozi tu, hauna njia ya kufika ndani. Akaendelea bila kuulizwa: uvimbe huu hauletwi na kubeba ndoo, hauletwi na jirani, hauambukizi, na mara nyingi hata madaktari wakubwa hawajui kwa nini umeota kwa mtoto huyu na si kwa yule. Jambo la muhimu ni kutokawia. Maji yakisukuma sana, macho yanaweza kuzimika, na baadaye uhai. Akamwanzishia dawa ya kupunguza uvimbe, akasema skana na daktari wa kupasua ubongo wako Kinshasa.

Mtu angetegemea Aziza arudi nyumbani akipiga vigelegele, jina lake limesafishwa na dokta mwenyewe. Lakini alipita mbele ya Darlène bila kumtupia hata neno moja, na Darlène alikuwa ameshajiandaa.

Blaise, baba wa Elsa, alikuwa huko Wamaza akinunua mpunga kwa wakulima. Alirudi na pikipiki ya kwanza, akauza mpunga wote, parokia ikachanga, msikiti nao ukachanga, na kwa mara ya kwanza nilimwona katekista na imamu wakibishana ni nani ametoa zaidi kwa sababu nzuri. Kuhusu nani aende, Aziza alikuwa na mdogo wake Zakaria anayeishi Kinshasa, mwenye nyumba na mke mvumilivu. Anastasie hakuwahi kupita Kindu. Blaise alitaka kwenda, lakini bila yeye kurudi Wamaza kutafuta pesa, wangekula nini huko? Elsa ndiye aliyekata shauri. Alisema Mama Aziza aende, ili mama yake awe na mtu wa kugombana naye njiani.

Mpaka Kindu walikwenda kwa pikipiki mbili. Anastasie na mtoto mchanga walipanda moja. Elsa alikaa kwenye nyingine, katikati ya Aziza na Jean-Marie, motari anayejulikana hapa kwa kukimbia kama polisi wako nyuma yake. Dokta alikuwa amesema kichwa kisirushwerushwe. Aziza akamshika Jean-Marie ukosi kabla hajawasha.

"Ukimufikisha Kindu bila kumurusha hata mara moja, nitakupa jogoo," akamwambia. "Ukimurusha, nitakusuka wewe."

Jean-Marie alikwenda polepole mpaka wanawake waliobeba mihogo wakawapita. Kila penye matope alishuka, akasukuma pikipiki na mtoto juu yake. Walilala njiani, wakafika Alunguli, pale mtu anapovuka mto kuingia Kindu, na hapo akanyoosha mkono adai jogoo wake. Aziza akamwambia kulikuwa na shimo moja. Jean-Marie akaapa hakuna. Aziza akasema shimo hilo alilisikia kwa makalio yake mwenyewe, na makalio hayasemi uongo. Wakaachana hivyo kando ya mtumbwi, na tangu siku hiyo Kasongo yote ilijua kuna jogoo anayedaiwa.

Kuhusu ndege sitasema mengi, isipokuwa kwamba Aziza alifumba macho kutoka Kindu mpaka Kinshasa na baadaye akatusimulia mawingu yote.

Kinshasa watu wanaongea Kilingala. Aziza hajui Kilingala, akaamua kwamba dawa yake ni kuongea Kiswahili kwa sauti kubwa na kwa utaratibu. Bahati yao kwenye lopitali waliyokwenda kulikuwa na muuguzi mmoja, Victorine, mtu wa Kalima, huku kwetu Maniema. Aliposikia mtu anagombana na mlinzi kwa Kiswahili cha kwao, alikuja akicheka, na kuanzia hapo akawa masikio yao. Elsa akaingizwa kwenye mashine ya skana, akaambiwa asitikisike. Picha ikatoka, na uvimbe ulikuwa pale pale dokta Zéphirin alipoonyesha, mkubwa kama yai la bata, umekalia mfereji. Daktari wa upasuaji, mzee mwenye vidole vifupi, akasema utatolewa, na kwamba atakapoutoa maji yatapata njia yenyewe. Yasipopata, ataweka mrija. Hakuahidi zaidi. Alisema wengi wanatoka salama, si wote. Anastasie aliomba asikie neno hilo la mwisho mara moja tu.

Siku ya kupasuliwa walikaa nje tangu asubuhi, mkeka mmoja, Anastasie na rozari, Aziza na tasbihi. Victorine anasema zile shanga zilikuwa zinalia pamoja kama mvua ndogo. Karibu na adhuhuri Anastasie akaacha kusali.

"Yaya Aziza," akasema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "ulisema kichwa chake kiko upande. Ulisema tangu siku ya kwanza. Kama ningekusikia."

"Ungesikia nini?" Aziza akamjibu. "Mimi nilisema mutoto hana adabu. Dokta ndiye alisema uvimbe. Wewe ulikosa, mimi nilikosa, tumelingana. Sali, mama, usinipe sifa ya bure."

Anastasie akacheka, akalia, akarudi kwenye rozari. Mimi ningekuwa pale ningesema hapo ndipo waliposameheana, lakini hao wawili wasingekubali.

Daktari alitoka jua likiwa limeinama. Uvimbe umetoka wote, alisema, kwa kadiri macho yake yalivyoona. Mtoto anapumua mwenyewe. Anastasie akataka kumbusu mikono, daktari akarudi nyuma kwa sababu alikuwa bado na glavu.

Elsa aliamka, akafungua macho yote mawili, na hakuongea. Alitazama, alilia bila sauti, alishika kidole cha mama yake, lakini neno halikutoka, leo wala kesho yake. Huo ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Mtoto anayejibu kila kitu amenyamaza. Victorine akawaeleza kwamba watoto wengine wakitolewa uvimbe wa sehemu ile wanakaa kimya kwa muda, na sauti inarudi, waendelee kumwongelesha. Kumwongelesha ndiyo kazi ambayo Mungu alimwandalia Aziza. Aliongea. Alimsimulia Elsa habari za kila mtu wa Kasongo, na alipomaliza za kweli akaanza za kutunga. Aliimba pia, bila kujali sharti.

Mke wa Zakaria alikuwa analeta chakula. Siku moja akafungua sahani akasema kwa Kilingala ameleta fufu na pondu. Elsa akageuza kichwa.

"Bukari," akasema, polepole, kama mtu anayevuta gunia. "Na sombe."

Kwa watu wa huko ni chakula kile kile, ugali na majani ya mihogo. Kwa Elsa haikuwa hivyo, na hakuna aliyembishia. Wodi nzima ilijua kwamba mtoto wa Maniema ameongea, hata walinzi. Tangu hapo sauti ikaja siku baada ya siku, na tumbo likaja mbele ya sauti, maana ile dawa ya uvimbe inatia njaa kali. Elsa alikula bukari ya kwake na ya Aziza, mashavu yakamvimba mpaka Aziza akamwita Bwana Waziri.

Walikuwa wanangojea jibu la maabara. Kipande cha uvimbe kilikuwa kimepelekwa kuangaliwa, na Victorine hakuwaficha. Kuna uvimbe mkali, unaotaka mionzi na dawa kali kwa miezi mingi baada ya kupasuliwa. Kuna watoto wanaopona nao pia, ila njia ni ndefu. Na kuna uvimbe wa polepole. Huo ukitolewa wote, mara nyingi kazi imekwisha, inabaki kuuangalia kwa picha usije ukaota tena. Jibu lilipokuja Victorine alilisoma amesimama kwenye mlango wa wodi. Ni wa polepole. Aziza akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena, taratibu, na alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza.

Baada ya hapo ilibaki kazi ya miguu. Mwalimu wa mazoezi, Estelle, msichana mwenye mikono ya mwanamume, alimsimamisha Elsa kati ya vyuma viwili na kumwambia aje kwake. Elsa alikwenda kama mlevi wa mavuno. Alianguka, akatukana, akasimama. Aziza alimfuata nyuma mikono imefunguliwa kama anafukuza kuku, mpaka siku mtoto alipogeuka akamwambia kwa heshima zote amwache, anamwangusha kwa kivuli chake. Estelle akamkalisha Aziza kwenye benchi. Aziza alikaa. Alisema baadaye kwamba hakuna kazi aliyoifanya maishani ngumu kama ile ya kukaa.

Waliporudi Kasongo msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Nywele za Elsa zilikuwa zimeota kidole kimoja, isipokuwa mstari wa kovu kutoka kisogoni mpaka shingoni. Watoto walitaka kulipapasa, akawapangia zamu. Nywele zilipotosha Aziza alimkalisha kwenye mkeka, mtaa mzima ukiangalia, akasuka pande mbili za kovu bila kulivuta, na shingo ilikuwa imenyooka. Anastasie akaketi akafuata. Kisha wakaja wengine wote, waliohama na waliohamishwa, na Aziza akawapokea kwa ulimi wake wa kawaida. Darlène alikuja wa mwisho, akasukwa Bibi-arusi Amechelewa.

Sasa mkeka ule una sheria ya nne. Mtoto kabla ya kukaa anatembea kwanza, kisigino mbele ya kidole, kutoka nguzo mpaka nguzo. Mama mmoja alikasirika, akauliza hapa ni kwa msusi au kwenye kambi ya jeshi. Aziza akamwambia vichwa vingi vinavyouma ni malaria, au njaa, au hesabu za shule, asimtie mtoto hofu. Lakini kichwa kinachouma kila asubuhi, na kutapika asubuhi, na shingo upande, na kuyumba, na macho yanayoona watu wawili, hicho asikilete kwenye mkeka, akipeleke kwa dokta, na dokta akitazama haraka haraka amwambie atazame tena. Watoto wawili wajanja walijaribu kuyumba ili wasiende shule. Aziza aliwaponya pale pale.

Elsa amerudi darasani, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mkono wa kushoto unatetemeka akishika kitu, na akichoka anayumba. Mwaka uliofuata ilibidi arudi Kinshasa na mama yake kwa picha, kuona kama uvimbe umeota tena. Aziza alibaki. Hakusuka vizuri wiki hizo; niliona mistari kwa macho yangu. Jean-Marie alikuwa amewapeleka Kindu, akaenda kuwachukua, na kila alipopita mbele ya baraza alipunguza mwendo akauliza habari za jogoo wake, kama bado anawika au ameshakufa na uzee. Aziza alimjibu kwamba shimo lile bado analisikia wakati wa mvua.

Walirudi siku ya soko, asubuhi. Anastasie alishuka kwenye pikipiki, akaja moja kwa moja kwenye mkeka, akasema hakuna kitu. Picha ni safi. Akarudia bila kuombwa.

Aziza akaweka kitana chini. Akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia mabawa na matusi, akarudi na jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote alionao, manyoya ya shingo yamesimama kwa hasira. Jean-Marie alikuwa ameshafika kwenye maegesho ya motari, ng'ambo ya soko, amelala juu ya pikipiki. Aziza akataka kumfunga jogoo miguu ampeleke. Elsa akasema atampeleka yeye.

Anastasie akainuka. Aziza akamkamata kitenge kwa nyuma, akamkalisha.

Njia ile ina mifereji ya mvua, baiskeli, magunia ya mpunga, wanawake na mabeseni. Elsa alikwenda. Katikati jogoo akafungua bawa upande wa kushoto, upande ule wa mkono unaotetemeka, na mtoto akaenda pembeni hatua moja, mbili. Akasimama, akapanua miguu, akamhamishia jogoo kwenye mkono wa kulia, akamkaripia, akaendelea. Hakugonga mtu. Baiskeli ndiyo iliyompisha.

Jean-Marie akakaa wima, akampokea jogoo, akampima kwa mikono, akasema anaona kama amekonda kidogo. Elsa akamwambia ampokee hivyo hivyo au atarudi naye, na yeye hana haraka. Motari wenzake wakacheka. Jean-Marie akamning'iniza jogoo kwenye usukani, akatazama upande wa baraza, Aziza alipokuwa amesimama mikono kiunoni.

"Mwambie Mama Aziza," akasema, "kwenye lile shimo niliingia kweli."

Elsa alirudi na ujumbe huo, akitembea. Aziza akamwambia akae kwenye mkeka, nywele zimefumuka kwa sababu ya safari.

"Najua," akasema. "Lakini alikwenda polepole."